Ngazi Isiyofika: Kohlberg, Dhamiri na Darasa la Kipaimara

Mwanafunzi yeyote anayesoma elimu ya Kikristo katika vyuo vyetu vya teolojia hukutana mapema na jina la Lawrence Kohlberg, na kwa kawaida hukutana nalo katika umbo la mchoro. Mchoro huo ni ngazi yenye vipandio sita. Chini kabisa yupo mtoto anayetii kwa kuogopa fimbo. Juu kabisa yupo mtu anayeongozwa na kanuni za haki zinazowahusu wanadamu wote. Mwanafunzi huunakili mchoro huo, huueleza katika mtihani, kisha huenda nao usharikani, ambako huwa kwake kipimo cha vijana wa kipaimara, cha wazazi wao, na mara nyingine cha wazee wa kanisa. Katika makala hii tunakusudia kuuliza kama kipimo hicho kinapima kile tunachodhani kinakipima. Hatusemi kwamba Kohlberg hana la kutufundisha. Tunasema kwamba tumemsoma nusu, na nusu tuliyoisoma ndiyo iliyo dhaifu zaidi.

Yafaa kwanza tumtendee haki. Kabla yake Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932 juu ya hukumu ya maadili kwa mtoto, aliwatazama watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi, akawauliza kanuni za mchezo zimetoka wapi na kama zaweza kubadilishwa. Aliwasimulia pia habari za watoto wawili: mmoja aliufungua mlango bila kujua kwamba nyuma yake kuna sinia, akavunja vikombe 15, wa pili alivunja kikombe kimoja tu, lakini alikivunja alipokuwa akiparamia kabati ili ale jamu kwa siri. Ni yupi aliyekosa zaidi? Watoto wadogo waliwaelekea wale wengi, yaani vikombe 15. Waliokuwa wakubwa kidogo walitazama nia. Kwa hiyo mtoto si chombo kitupu ambacho mtu mzima humimina ndani yake amri hadi kijae. Ana namna yake ya kufikiri juu ya mema na mabaya, na namna hiyo hubadilika kadiri anavyokua.

Kohlberg aliendelea kutoka hapo. Katika tasnifu yake ya mwaka 1958 katika Chuo Kikuu cha Chicago aliwahoji wavulana 72 wenye umri wa miaka 10, 13 na 16. Aliwapa visa vya njia panda, na kilicho mashuhuri kuliko vyote ni kile cha Heinz. Mke wa Heinz yu karibu kufa kwa saratani. Dawa ipo, lakini aliyeigundua anaiuza mara kumi ya gharama yake. Heinz amekopa huku na huku akapata kama nusu ya bei, na mwenye dawa amekataa kumpunguzia wala kumkopesha. Je, aibe? Kohlberg hakujali sana kama jibu ni ndiyo au hapana. Alichokipima ni sababu. Anayesema asiibe kwa kuwa atafungwa, na anayesema aibe kwa kuwa mke ndiye ampikiaye, wote wawili wako chini. Anayetaja sifa ya mume mwema yuko katikati, na juu yake kidogo yupo anayetaja sheria ya nchi. Anayesema kwamba uhai hutangulia mali kwa kila mwanadamu yuko juu. Baadhi ya wavulana wale walifuatiliwa kwa muda wa miaka 20 hivi, na ilionekana kwamba walipanda kwa utaratibu mmoja bila kuruka hatua.

Sisi Walutheri tungepaswa kuwa wa kwanza kukubali jambo moja katika hayo. Martin Luther, baada ya kuyakagua makanisa ya Saksonia na kuhuzunishwa na ujinga alioukuta, alitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, na baada ya kila amri akaweka swali la maana. Hakutaka amri ikaririwe kama kasuku akaririvyo. Lakini ni darasa gani la kipaimara miongoni mwetu ambamo lile swali la maana ni swali kweli? Sisi tumelifanya nalo kuwa sehemu ya kukariri. Kijana hulijibu neno kwa neno, na akikosa neno moja huambiwa akae chini. Kama Kohlberg angepita katika madarasa yetu, angesema kwamba tunawazuia vijana katika kipandio cha kwanza, nasi tusingekuwa na la kumjibu.

Baada ya kukubali hayo, na tuitazame ngazi yenyewe.

Shaka yetu kubwa ni kwamba kutoa sababu njema ni jambo moja, na kuwa na dhamiri njema ni jambo jingine. Hili lilijulikana Marekani hata kabla ya Kohlberg. Hugh Hartshorne na Mark May, katika uchunguzi uliochapishwa kuanzia mwaka 1928, waliwapa watoto zaidi ya 10,000 nafasi za kudanganya katika mitihani na michezo. Waliona kwamba kujua lililo jema kulihusiana kidogo sana na kulitenda, na kwamba mtoto mwaminifu mahali pamoja aliweza kudanganya mahali pengine. Kohlberg aliusoma uchunguzi huo, akauchukua kuwa ushahidi dhidi ya mafundisho ya kuwapa watoto orodha ya fadhila. Hakuuliza vya kutosha kama ushahidi huo huo haumrudii yeye.

Tena kuna habari nyingine, ambayo kila anayejiandaa kwa uchungaji yampasa kuijua. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa Seminari ya Teolojia ya Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa katika jengo la jirani kutoa hotuba fupi. Baadhi yao walipewa somo la Msamaria Mwema. Njiani alikuwako mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuugua. Walioambiwa kwamba wamechelewa, ni mmoja tu kati ya kumi aliyesimama kumsaidia. Waliokuwa na nafasi, walisimama sita katika kumi. Kwamba mtu alikuwa anakwenda kuhubiri juu ya Msamaria hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Tunaamini kwamba wanafunzi hao wote wangepata alama nzuri katika kisa cha Heinz. Tunamwomba msomaji asiwacheke, hasa msomaji ambaye Jumapili iliyopita alipita mtu barabarani kwa kuwa kengele ya pili ilikuwa imekwisha kulia.

Maandiko yanalijua jambo hili vizuri kuliko saikolojia. Katika 2 Samweli 12 nabii Nathani anamletea Daudi kisa cha njia panda, au tuseme kisa kinachofanana na vya Kohlberg kwa umbo lake: tajiri mwenye kondoo wengi amemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi anatoa hukumu kali, na hukumu yake haina kasoro. Anaona uonevu, anaitambua haki ya mnyonge, anaamuru malipo. Ukimpima kwa sababu zake tu, ungemweka juu kabisa. Naye wakati huo huo mikono yake ina damu ya Uria. Lililomfikia Daudi moyoni halikuwa sababu bora kuliko zile alizokuwa nazo. Lilikuwa ni neno la mtu mwingine, lililomwonyesha kwamba kisa kile kilimhusu yeye mwenyewe. Hapo ndipo tunapoona upungufu wa ngazi. Haina mahali pa mtu aliyekosa. Inajua namna ya kumwuliza Heinz kama aibe. Haijui la kumwambia akiisha kuiba, wala la kumwambia mwenye dawa mke akiisha kufa. Kwa lugha ya kanisa letu, ni Sheria bila Injili, na hata kipandio cha sita ni Sheria bado, ingawa ni Sheria iliyovaa vizuri. Ndiyo maana Luther, katika mafafanuzi yake ya Waraka kwa Wagalatia, haizungumzii dhamiri kama kitu kinachopanda. Huizungumzia kama kitu kinachoshtakiwa na kufarijiwa, nayo huja kutulia katika msamaha, kwa kuwa werevu wake hauwezi kuituliza.

Mtu aweza kusema kwamba tunamdai mwanasaikolojia kazi ya mchungaji. Sawa, lakini ni sisi wachungaji tuliouchukua mchoro wake na kuutundika ukutani.

Inabaki habari ya wale ambao ngazi hii huwaweka chini. Katika miaka ya 1970 Carolyn Pope Edwards alifanya uchunguzi nchini Kenya, akalinganisha viongozi wa jamii vijijini na wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi walipata alama za juu kuliko viongozi, ambao wengi wao walionekana kusimama katika hatua ya tatu. Edwards mwenyewe hakusema kwamba wazee hao ni wachanga wa maadili. Alieleza kwamba hatua ya tatu hutosha pale ambapo watu hujuana uso kwa uso, na hatua ya nne hudaiwa na maisha ya dola na ofisi zake. Mwaka 1985 John Snarey alipitia uchunguzi 45 uliofanywa katika nchi 27, akaona kwamba hatua nne za kwanza zinapatikana karibu kila mahali, lakini hatua ya tano haikupatikana katika jamii yoyote ya kijijini. Mbele ya matokeo kama hayo kuna njia mbili. Ama vijijini hakuna dhamiri iliyokomaa, ama kipimo hakisikii lugha ambayo dhamiri hiyo huitumia. Snarey alielekea njia ya pili, nasi tunamfuata. Mzee ambaye kwa miaka 40 ameamua mashauri ya mipaka, mahari na urithi, na majirani bado wanamjia, hawezi kuwekwa chini ya kijana wa mwaka wa pili kwa sababu tu kijana huyo amejifunza kutamka neno "haki" peke yake, bila jina la mtu mbele yake wala nyuma yake.

Carol Gilligan, aliyefanya kazi pamoja na Kohlberg huko Harvard, alitoa lalamiko lililo karibu na hilo mwaka 1982. Alikumbusha kwamba ngazi ilichongwa kutokana na majibu ya wavulana. Aliwaleta watoto wawili wa miaka 11, aliowaita Jake na Amy. Jake alijibu upesi kwamba Heinz aibe, kwa kuwa uhai ni zaidi ya fedha. Amy alisitasita, akasema labda iko njia nyingine, labda wakae na mwenye dawa wazungumze, na Heinz akifungwa nani atamtunza mgonjwa? Kwa kipimo Amy alikuwa chini. Gilligan alisema kwamba Amy hakushindwa kulijibu swali. Alikuwa akijibu swali jingine.

Tuliposoma kurasa hizo tulikumbuka aibu yetu wenyewe. Miaka kadhaa kabla yake, tukiwa watumishi katika usharika mmoja wa mlimani, tuliwapa vijana wa kipaimara kisa cha Heinz kama tulivyofundishwa chuoni. Tulibadili jina tu. Mikono ilipoinuliwa, wa kwanza aliuliza: "Mchungaji, ndugu zake walikuwa wapi?" Wa pili akauliza kama mke yule hakuwa na ukoo, maana shemeji nao wana sehemu yao katika ugonjwa. Wa tatu akataka kujua kwa nini mwenye dawa hakuitwa mbele ya wazee. Tuliwaambia kwamba hayo hayamo katika kisa. Wao waseme aibe au asiibe. Wakanyamaza, kisha wakaanza kutupa majibu tuliyoyataka. Leo tunaona kwamba darasa lile lilikuwa limekwisha kukiona kilicho kibovu katika kisa chenyewe, yaani mtu aliyeachwa peke yake na mke anayekufa, nasi tuliwanyamazisha ili wapimike.

Neno letu "dhamiri" limetoka katika Kiarabu, nalo huko lina maana ya kilichofichika ndani. Neno la Kiyunani ambalo Mtume Paulo hulitumia lina asili nyingine: ni kujua pamoja. (Tusijenge mafundisho juu ya asili za maneno, wahubiri wetu wana udhaifu huo wa kutosha.) Lakini Paulo mwenyewe hulitumia kwa namna inayofaa kuangaliwa. Katika 1 Wakorintho 8 wako watu ambao hoja yao ni sahihi: sanamu si kitu, basi nyama iliyotolewa kwa sanamu ni nyama tu. Paulo anakubali hoja yao. Wao ndio walio juu ya ngazi. Hata hivyo anawataka washuke, waache kula, kwa ajili ya ndugu ambaye dhamiri yake ni dhaifu na ambaye Kristo alimfia. Kukomaa hapa kunapimwa kwa kule kumngoja aliye chini. Hatujui kipandio chochote katika mchoro wa Kohlberg ambacho kingeweza kulipa alama tendo hilo.

Tulisema mwanzoni kwamba tumemsoma Kohlberg nusu. Nusu nyingine ni hii. Kabla ya kuwa mwanachuoni alikuwa baharia. Mwaka 1947 alijiunga na meli ya Paducah, iliyowabeba kuelekea Palestina wakimbizi Wayahudi waliosalimika katika mauaji ya Ulaya, kinyume cha amri ya Uingereza. Meli ilikamatwa, naye akawekwa kizuizini Kipro. Alijifunza katika sitaha ya meli, kati ya watu, swali ambalo baadaye alilipeleka kwa wavulana wa Chicago likiwa limekauka. Na katika miaka ya 1970 alianza kurudi. Alifanya kazi katika gereza la wanawake huko Connecticut, na mwaka 1974 alisaidia kuanzishwa kwa shule ndogo huko Cambridge, Massachusetts, iliyoitwa Cluster School, ambamo mwanafunzi na mwalimu walikuwa na kura moja moja katika mkutano wa shule. Wakati mmoja mwanafunzi aliibiwa fedha. Baada ya mabishano marefu mkutano ulikubaliana kwamba kila mmoja atoe senti chache hadi fedha hiyo irudi, kwa kuwa imeibwa kati yao. Mwalimu aliyekuwa amesema kwamba kazi ya mwalimu ni kuuliza tu, sasa alikiri kwamba visa vya kubuni havitoshi na kwamba shule yenyewe hufundisha kwa namna inavyoishi. Hilo halimo katika mchoro. Vijana wetu wa mlimani wangelielewa mara moja.

Nasi hapa tulikuwa na mwalimu wa namna hiyo karibu zaidi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyetumika miongoni mwa Wachagga kwa vipindi kati ya mwaka 1902 na 1938, alitoa juzuu ya kwanza ya mkusanyo wake wa mafundisho ya jando na unyago wa Wachagga mwaka ule ule wa 1932 ambao Piaget alitoa kitabu chake. Aliona kwamba kijana alifundishwa akiwa na rika lake, naye akaliingiza hilo katika kipaimara: vijana walifungamanishwa wawili wawili, kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake. Hatutaki kumfuata kwa kila jambo. Aliupenda ukoo mno, wala hakusema vya kutosha kwamba ukoo huweza pia kumziba mdomo mnyonge wake. Lakini utaratibu ule wa wawili wawili tuliuacha bila hata kujadili, na badala yake tukaweka madaftari.

Kwamba jamii hufundisha kwa namna inavyoishi si neno la faraja tu, na ndiyo sababu tuliyoandikia makala hii. Miezi michache baada ya somo lile la Heinz, msichana mmoja wa darasa lile alionekana kuwa mjamzito. Baraza la wazee lilikaa jioni moja, likaliondoa jina lake katika orodha ya watakaobarikiwa. Hakuna aliyeuliza habari za mwanamume. Sisi tulikuwemo kikaoni, nasi hatukuuliza. Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumefika katika Amri ya Sita, na kijana yule yule aliyeuliza habari za ndugu akasimama akasema: "Mchungaji, na yule aliyempa mimba, jina lake limeondolewa katika orodha gani?" Tulimwambia akae chini, afungue Katekisimo.

Je, kijana huyo alikuwa katika hatua ya ngapi? Swali hilo tungeliweza kulijibu siku ile ile, maana mchoro ulikuwa ukutani. Tusilolijua ni nini kilichojifunzwa na wengine 30 waliokuwa wakisikiliza. Walikuwa wamefundishwa amri kwa karibu miaka miwili, nasi kwa dakika moja tuliwafundisha amri inamhusu nani na haimhusu nani. Ikiwa dhamiri ni kujua pamoja, basi pale tulijua pamoja, mchungaji, wazee na watoto, tukakubaliana kunyamaza.

Wako watakaosema kwamba marudi ya kanisa ni ya lazima, na kwamba bila hayo vijana watadhani kila jambo ni halali. Hatulikatai hilo. Nathani naye alirudi mtu. Lakini alikwenda kwa mwenye nguvu, akaenda mwenyewe, akasema naye uso kwa uso, na toba ilipotoka akatangaza msamaha katika kikao hicho hicho. Msichana wetu aliletewa habari na mzee mmoja, njiani, alipokuwa akitoka kuteka maji. Alirudi darasani baada ya mwaka na nusu, akakaa na wadogo zake benchi la nyuma, akabarikiwa. Katekisimo aliijua yote.

Kabla ya kuandika makala hii tuliomba kukiona kitabu cha kumbukumbu cha baraza lile. Ukurasa wa jioni ile una mistari minne. Jina la msichana limeandikwa, na kwamba limeondolewa. Chini yake imeandikwa kwamba kikao kilifungwa kwa sala, na aliyeiongoza ni mchungaji.